Marvel na DC: mashabiki wanabishania nini hasa?

Superman amemkaba kutoka nyuma Jenerali Zod, mhalifu kutoka Krypton, sayari walikozaliwa wote wawili. Macho ya Zod yanatoa miale ya moto, na miale ile inatambaa ukutani kuelekea kona ambako familia moja imejibanza, haina pa kukimbilia. Superman anamsihi aache. Zod anakataa. Shingo inavunjika, na Superman anapiga magoti akilia kwa sauti. Hiyo ni Man of Steel, filamu ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Zack Snyder, na tangu ilipotoka mashabiki hawajamaliza kubishana kuhusu sekunde zile.

Kundi moja linasema Superman haui, basi. Ukiwaambia kwamba hali ilimlazimu, watakujibu kwamba hali ile haikuanguka kutoka mbinguni: waandishi ndio walioipanga, na wangeweza kupanga nyingine. Kundi la pili linauliza: ungekuwa wewe ungefanya nini, uiache familia ile iungue?

Kinachounogesha ubishi huu ni kwamba kila upande una ushahidi. Mwaka 1988, katika toleo la 22 la jarida la Superman, lililoandikwa na kuchorwa na John Byrne, Superman anawaua wahalifu watatu wa Krypton, Zod akiwa mmoja wao. Anawaua kwa kryptonite, jiwe lenye sumu kwa watu wa Krypton, baada ya kuwa ameshawaondolea nguvu zao. Kwa hiyo anayesema "kwenye komiki Superman hajawahi kuua" amekosea. Lakini soma yaliyofuata. Katika matoleo yaliyokuja baadaye, tendo lile linamla Superman kutoka ndani. Akili yake inavurugika, kisha anaikimbia Dunia na kujihamisha angani kwa kuwa hajiamini tena. Filamu ya 2013 inalia naye kidogo tu, halafu inahamia kwenye tukio jepesi ambapo anaiangusha droni ya jeshi na ofisa mmoja anatabasamu kwa kuvutiwa naye. Mimi nadhani hapo ndipo filamu ilipoteleza. Shujaa anaweza kuvunja kiapo chake, mradi hadithi ikubali kuubeba mzigo wa kiapo kilichovunjwa.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachofanya mabishano ya mashabiki wa Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, yasiishe. Tunadhani tunabishana kuhusu jambo moja, kumbe mmoja anazungumzia komiki, mwingine filamu, wa tatu maadili ya shujaa, na wa nne anazungumzia mkataba wa kibiashara bila kujua. Tulifungue fundo hili uzi mmoja mmoja.

Miungu na watu

Jina DC linatokana na Detective Comics, jarida lililoanza mwaka 1937. Superman alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, na Batman mwaka uliofuata katika toleo la 27 la Detective Comics. Marvel ilizaliwa mwaka 1939 ikiitwa Timely, lakini Marvel tunayoijua leo ilipata sura yake kuanzia mwaka 1961, Stan Lee na Jack Kirby walipotoa Fantastic Four. Hao walikuwa mashujaa wanaogombana kama ndugu wa nyumba moja, wanaoishi New York yenyewe, si mji wa kubuni kama Metropolis au Gotham. Mwaka 1962 Lee na mchoraji Steve Ditko wakamleta Spider-Man: kijana yatima mwenye shangazi mgonjwa na mfuko mtupu, anayeokoa watu usiku na kuchelewa darasani asubuhi.

Hapo ndipo ulipotoka usemi maarufu wa mashabiki kwamba DC ni miungu wanaojifunza kuwa watu, na Marvel ni watu waliobebeshwa nguvu za miungu. Usemi huu ulikuwa na ukweli mwingi katikati ya miaka ya 1960. Leo ni kweli nusu tu, kwa sababu wenye kalamu hawakukaa upande mmoja. Frank Miller alijijengea jina kwa Daredevil wa Marvel, kisha mwaka 1986 akaandika The Dark Knight Returns, hadithi iliyobadilisha namna dunia inavyomwona Batman. Byrne, yule yule wa toleo la 22, alitoka kuchora X-Men na Fantastic Four kabla ya kukabidhiwa Superman. Na James Gunn, anayeongoza DC Studios pamoja na Peter Safran tangu mwishoni mwa 2022 na aliyeongoza filamu ya Superman ya 2025, ndiye aliyewapa Marvel filamu ya Guardians of the Galaxy mwaka 2014.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Kirby. Mwaka 1970, akiwa amechoshwa na alivyotendewa Marvel, alihamia DC na kubuni ulimwengu mzima wa miungu wapya, na miongoni mwao akamweka Darkseid, mtawala mwenye uso wa jiwe. Miaka michache baadaye kijana aitwaye Jim Starlin akamleta Thanos, mhalifu wa Marvel, katika toleo la 55 la Iron Man, mwaka 1973, na Starlin mwenyewe ameeleza kwamba miungu wale wa Kirby walimwathiri. Sasa mashabiki hukesha wakibishana nani zaidi kati ya Thanos na Darkseid, kila mmoja akimtetea wake kama mali ya ukoo, ilhali wote wawili wanaelekea kwenye meza ya mchoraji mmoja.

Hata biashara ilizifunga kampuni hizi pamoja kuliko mashabiki wanavyodhani. Kuanzia mwaka 1957 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, majarida ya Marvel yalisambazwa na Independent News, kampuni dada ya DC, ambayo iliwawekea kikomo cha majarida machache kwa mwezi. Ndiyo maana katika miaka hiyo Iron Man na Captain America walilazimika kugawana jarida moja, Tales of Suspense. Watu husifu namna mashujaa wa Marvel walivyokuwa wakikutana na kupishana tangu mwanzo. Ubunifu ulikuwepo, lakini hata nafasi ilikuwa finyu, na aliyeshika ufunguo wa mlango alikuwa jirani.

Mikataba iliyoandika hadithi

Tukija kwenye skrini, swali linalorudiwa kila mwaka ni hili: kwa nini Marvel walifanikiwa kujenga ulimwengu mmoja wa filamu na DC wakahangaika? Majibu ya haraka huwa ni ya kishabiki. DC wana giza mno. Marvel wana utani mno. Majibu hayo hayagusi mzizi.

Mwishoni mwa mwaka 1996 Marvel iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Katika miaka ile ya shida haki za filamu za wahusika wake wakubwa ziliishia mikononi mwa wengine: Spider-Man kwa Sony, X-Men na Fantastic Four kwa Fox. Mwaka 2005 Marvel ikapata mkopo wa dola milioni 525 kupitia Merrill Lynch ili itengeneze filamu zake yenyewe, na rehani iliyowekwa ilikuwa haki za filamu za wahusika 10, Captain America na Black Panther wakiwemo. Tafakari hilo kidogo: filamu zingeanguka, wahusika wangeondoka. Iron Man ya mwaka 2008 ilitengenezwa chini ya shinikizo hilo, ikiwa na shujaa ambaye watu wengi wasiosoma komiki hawakumjua. Marvel walikijenga kikosi cha mashujaa cha Avengers kwa waliobaki kabatini kwa sababu Spider-Man na Wolverine wa X-Men hawakuwa wao tena.

DC hali ilikuwa kinyume. Wahusika wote walikuwa chini ya paa moja la studio ya Warner tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuna aliyelazimika kubuni njia mpya. Superman ya 1978, Batman ya 1989, kila moja ilisimama peke yake na kuuza sana. Mwaka ule ule wa Iron Man, Christopher Nolan alitoa The Dark Knight, iliyopita dola bilioni moja na kumpatia Heath Ledger tuzo ya Oscar baada ya kifo chake. Ukiwa na ushindi wa aina hiyo, somo unalojifunza ni kumpa mwongozaji hodari mhusika mmoja na kumwacha afanye kazi. Somo hilo lilikuwa sahihi kabisa mpaka mwaka 2012, The Avengers ilipouza zaidi ya dola bilioni 1.5 na kila studio ikatamani ulimwengu wake.

Marvel walifika kwenye The Avengers wakiwa wameshatoa filamu tano za utangulizi. Warner walifika kwenye Justice League, filamu ya kikosi cha mashujaa wa DC, mwaka 2017 kabla Flash, Aquaman na Cyborg hawajapata filamu zao wenyewe. Mtazamaji aliombwa awalilie watu ambao ndiyo kwanza anatambulishwa kwao. Haraka ile, kwa maoni yangu, iliwaumiza DC kuliko giza lolote la rangi.

Mikataba haikuamua tu nani atengeneze nini. Iliingia hadi ndani ya hadithi. Angalia mapacha Wanda na Pietro. Kwenye komiki walianza kama maadui wa X-Men, kisha wakajiunga na Avengers, na kwa miaka mingi walijulikana kuwa watoto wa Magneto, adui mkubwa wa X-Men. Kwa hiyo studio zote mbili, Fox na Marvel, zilikuwa na dai juu yao. Mwaka 2014 Fox walimwonyesha Quicksilver wao, yaani Pietro kwa jina lake la kishujaa, katika filamu ya X-Men, na mwaka 2015 Marvel wakamwonyesha wao katika Age of Ultron, mwigizaji mwingine kabisa. Marvel hawakuweza kuwaita "mutanti", yaani watu waliozaliwa na nguvu zao, wala kumtaja Magneto, kwa hiyo nguvu za mapacha zikaelezwa kwa majaribio ya maabara. Mashabiki waliwalaumu waandishi kwa kuua asili ya Wanda. Waandishi hawakuwa na ruhusa ya kuigusa asili hiyo, na mambo yalifunguka pale tu Disney, iliyoinunua Marvel mwaka 2009, ilipokamilisha ununuzi wa Fox mwaka 2019.

Kisa cha Captain Marvel ni cha namna hiyo hiyo, ila kirefu zaidi. Aliyeitwa hivyo kwanza ni shujaa wa kampuni ya Fawcett, yule mtoto anayesema "Shazam!" akageuka jitu lenye nguvu. DC waliishtaki Fawcett kwa kumwiga Superman, na mwaka 1953 Fawcett wakaacha kumchapisha. Jina likabaki bila mwenyewe, Marvel wakalichukua mwaka 1967 kwa mhusika wao. DC walipomchukua yule wa zamani miaka ya 1970, ilibidi jarida lake liitwe Shazam! Mwaka 2019 filamu mbili, Captain Marvel na Shazam!, zilitoka zikipishana kwa mwezi mmoja tu, na nyuma ya zote mbili kuna jina lile lile moja lililogombaniwa.

"Sivyo ilivyo kwenye komiki"

Hili ndilo shtaka zito kuliko yote, na ndilo lililochanganywa kuliko yote. Linadhani kuna kitu kimoja kinachoitwa komiki, kimekaa mahali pake, na filamu imekiharibu. Sasa mchukue Superman. Alipoanza hakuwa akiruka angani. Alikuwa akichupa kutoka jengo hadi jengo. Kryptonite, kitu ambacho hakuna shabiki anayeweza kumfikiria bila hicho, ilitokea kwanza kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, na komiki zikaichukua mwaka 1949. Harley Quinn, mhalifu maarufu wa DC, alizaliwa kwenye katuni za televisheni za Batman mwaka 1992. Nick Fury, mkuu wa majasusi wa Marvel, alikuwa mzungu kwa miongo mingi, mpaka komiki za The Ultimates za mwaka 2002 zilipomchora kwa sura ya Samuel L. Jackson, na miaka sita baadaye Jackson mwenyewe akaingia kwenye skrini kumwigiza. Katika mzunguko huo, asili ni ipi na nakala ni ipi?

Spider-Man ya 2002 ilimfanya Peter Parker atoe utando kutoka mwilini badala ya kifaa alichokiunda mwenyewe. Wasomaji wa zamani waliumia, na walikuwa na hoja: kifaa kile kilionyesha akili ya mvulana maskini anayepika kemikali peke yake. Ukikiondoa, unaondoa nusu ya kile kinachomfanya Peter kuwa Peter. Hata hivyo mwaka 2004 komiki zenyewe zikampa utando wa mwilini kwa muda, zikiifuata filamu.

Kwa hiyo ninapoisikia hoja ya uaminifu, nauliza badiliko limegusa nini. Thanos wa komiki ya mwaka 1991, The Infinity Gauntlet, anafuta nusu ya viumbe kwa sababu anampenda Kifo, ambaye pale ni mwanamke wa vazi jeusi asiyemjibu hata neno. Ni hadithi ya mtu anayeuteketeza ulimwengu ili apendwe na asiyeweza kumpenda. Thanos wa filamu ya 2018 anafanya hesabu: walaji ni wengi, chakula ni kichache. Wapo wanaosema filamu imemfanya aaminike zaidi. Mimi namkosa yule wa zamani. Hesabu ya Thanos wa filamu inavunjika ukiigusa, kwani mwenye uwezo wa kufuta nusu ya walaji ana uwezo wa kuongeza chakula, na hapo mashabiki wamepata ubishi mwingine usio na mwisho. Mapenzi ya kichaa hayahitaji hesabu ikubali. Lakini ukiniuliza kama filamu imemsaliti, nitasema hapana: imebadilisha sababu, ikaacha kiburi chake na huzuni yake pale ukingoni anapokaa peke yake kulitazama jua. Huyo ni Thanos bado.

Nani angempiga nani

Hapa sitakawia. Stan Lee alikuwa akiwaambia mashabiki kwamba anayeshinda ni yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Jibu hilo huwaudhi watu, lakini ndivyo kazi yenyewe inavyofanyika, na msemo wetu kwamba stelingi hafi unasema karibu jambo lile lile. Superman huyo huyo huhamisha sayari katika toleo moja na kuangushwa kwa ngumi katika jingine.

Mwaka 1996 kampuni zote mbili ziliamua kuwaachia mashabiki. Katika mfululizo wa DC na Marvel uliotolewa kwa pamoja, mapambano matano makubwa yaliamuliwa kwa kura. Superman akamshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, Spider-Man akamshinda Superboy, Wolverine akamshinda Lobo. Na Storm wa X-Men akamshinda Wonder Woman, matokeo ambayo ukipima kwa nguvu za kwenye kurasa ni magumu kuyatetea. Lakini X-Men walikuwa kileleni mwa mauzo miaka ile, na wapiga kura walimpigia waliyempenda. Bila kukusudia, kura ile ilitoa jibu la wazi kuliko majedwali yote ya nguvu: mwamba ngoma huvutia kwake.

Mashabiki wanapoingia uwanjani

Mei 2017 Zack Snyder aliondoka kwenye Justice League baada ya kumpoteza binti yake. Mwongozaji Joss Whedon akaimalizia, na iliyotoka ilikuwa na mishono inayoonekana kwa macho. Mashabiki wakaanza kudai toleo la Snyder, na wakaendelea kudai kwa miaka. Machi 2021 likatoka kwenye HBO Max, huduma ya filamu ya mtandaoni, lenye urefu wa saa nne.

Ni vigumu kulieleza kundi lile kwa sifa moja. Wengi wao walichangisha fedha kwa ajili ya taasisi inayozuia watu kujiua, kwa kumheshimu binti wa Snyder, na fedha zile zilifanya kazi ya kweli. Wengine waliwaandama kwa matusi wakosoaji na wafanyakazi wa studio. Yote mawili yalitokea chini ya bendera moja, na anayetaja moja bila la pili hajasimulia kisa chote. Kuhusu filamu yenyewe, mtazame Cyborg. Katika toleo la 2017 yeye ni fundi wa kikosi, basi. Katika toleo la 2021 ni kijana aliyempoteza mama, aliyegombana na baba, na uzito wa filamu nzima umemwegemea. Waliodai toleo lile walikuwa sahihi juu ya hilo: kulikuwa na hadithi iliyokatwa, na ilistahili kuonekana.

Uzi mmoja bado, na huu mashabiki wa pande zote huurukia juu juu. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland waliombuni Superman, waliuza haki zake zote kwa dola 130. Mwaka 1975 tu, filamu kubwa ya Superman ikiwa njiani, na wao wakiwa wazee wenye shida, ndipo Warner walipokubali kuwapa malipo ya kila mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Bill Finger, mwandishi aliyemuumba Batman pamoja na mchoraji Bob Kane, hakuishi kuona hata hilo. Bob Kane alipochora Batman wa kwanza, alimpa nguo nyekundu na mabawa magumu. Finger ndiye aliyependekeza joho, barakoa inayofunika kichwa na rangi ya kijivu. Ndiye aliyelitunga jina la Bruce Wayne na kuuita mji Gotham. Kwa miongo mingi Batman alitajwa kuwa kazi ya Kane peke yake, na Finger alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa pale.

DC walikubali kumtaja rasmi mwaka 2015, baada ya watafiti na mjukuu wake kulipigania. Filamu ya kwanza ya majumba ya sinema kumwandika Bill Finger pamoja na Bob Kane ilikuwa Batman v Superman ya mwaka 2016, ile ile ambayo nusu ya mashabiki wa DC hawataki kuisikia na nusu nyingine wanaitetea hadi leo. Mstari wenyewe hupita upesi, maandishi madogo kati ya majina mengi. Unaweza kuisimamisha filamu hapo na kuusoma.